Gaston alipopigiwa makofi Katuba

Kisa chenyewe ni hiki. Katika ukumbi wa parokia moja ya Katuba, Lubumbashi, watoto wa klabu ya Jumamosi walionyeshwa La Belle et la Bête (Mrembo na Mnyama), ile katuni ya Disney ya 1991. Ilipokwisha wakaulizwa: mtu mbaya ni nani? Wengi wakasema ni yule mama mchawi aliyemgeuza mwana wa mfalme kuwa mnyama. Wengine wakamtaja Mnyama mwenyewe, kwa sababu alimfungia mzee wa watu mnarani. Gaston, mwindaji anayetaka kumwoa Belle, msichana wa hadithi, alitajwa na wachache sana, na waliomtaja walizomewa. Aliyemtetea kwa nguvu kuliko wote ni msichana wa darasa la sita, ambaye hana kawaida ya kunyamaza: «Gaston eko na makosa gani? Eko na nguvu, eko na kazi, na alikuja kuomba bibi ku mlango. Hakuiba mutoto wa bantu.»

Sisi tunaosimamia klabu tulikuwa tumejiandaa kuongea juu ya majivuno. Tulitegemea filamu itufanyie nusu ya kazi, maana Gaston hujitazama kwenye kila kinachong'aa na hafungui mdomo bila kujisifu. Badala yake tukajikuta na ukumbi mzima uliopenda majivuno yenyewe. Wenzetu wanaofanya kazi kama hii waliposikia, walisema tatizo ni lugha: watoto hawakufuata Kifaransa. Hapana. Filamu ilifasiriwa yote na kijana wa mtaani hapo hapo, amesimama kando ya pazia na mikro mkononi, akitumia Kiswahili cha Lubumbashi bila kusimamisha picha hata mara moja. Kuran, yaani umeme, nayo ilidumu tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kwa Katuba linastahili sentensi yake. Watoto walielewa, tena walielewa kupita tulivyotaka.

Tuanze na sura. Mchoraji aliyesimamia Gaston ni Andreas Deja. Mwaka uliofuata alimchora Jafar, yule mbaya wa Aladdin, na 1994 akatuletea Scar wa The Lion King. Scar anajulikana Katuba; mwonyeshe mtoto wa chekechea kwa sekunde mbili, atakuambia huyo ni mbaya. Amekonda, ana kovu jichoni, anatembea kwa kujivuta. Gaston ametoka kwenye mkono huo huo, lakini amepewa kifua, taya pana, kishimo kidevuni, nywele zilizofungwa vizuri na meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Studio ilitaka awe mzuri wa sura kwa makusudi. Hadithi inahusu kutomhukumu mtu kwa ngozi yake, na Mnyama peke yake asingetosha kulibeba hilo. Upande wa pili alihitajika mwanaume anayependeza macho ambaye ndani hamna kitu. Mtu mzima anaukamata mpango huo mara moja. Mtoto aliyefundishwa na filamu za nyumba hiyo hiyo kwamba ubaya huonekana usoni hana sababu ya kumsimamisha Gaston getini.

Halafu kuna jina. Huku kwetu Gaston halitoki kwenye hadithi za Ulaya. Ni jina la baba wa mtu, la katekista, la mzee aliyestaafu mgodini. Mfasiri alipolitamka mara ya kwanza watoto walicheka na kumgeukia mwenzao mmoja ambaye babu yake anaitwa hivyo. Kuanzia hapo Gaston alikuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani huanza na mtaji.

Mama mmoja wa parokia, aliyeisoma hadithi hii shuleni zamani, alileta pingamizi la aina nyingine: Gaston hayumo. Mama huyo yuko sahihi. Hayumo kwa Madame de Villeneuve aliyeichapisha 1740, wala kwa Madame Leprince de Beaumont aliyeifupisha 1756, na huo ufupisho ndio uliozunguka dunia na vitabu vya shule. Kwa Beaumont majivuno yamekaa kwa dada wawili wa Belle. Wanajiona wakubwa, wanawakataa wafanyabiashara wakingojea makabaila, wanamcheka mdogo wao anayesoma vitabu, na mwisho wanageuzwa sanamu zisimame mlangoni kwa dada yao zikiangalia furaha yake. Mchumba mwenye sura nzuri aliingia baadaye, kwenye filamu ya Jean Cocteau ya 1946. Humo anaitwa Avenant, na aliyemcheza ni Jean Marais, ambaye ndiye aliyemcheza na Mnyama pia. Waliotengeneza katuni ya 1991 waliwafuta dada, wakamwongezea mchumba misuli, na kumkabidhi majivuno yote. Mama wa parokia hakuridhika. Anasema dada wangeeleweka Katuba bila kufasiriwa, kwa sababu kila avenue inao.

Lakini kiini cha kisa kiko kwenye wimbo wa baa, na hapo nitakaa kidogo.

Gaston ametoka kukataliwa na Belle. Amekaa kwenye kiti chake, amenuna, juu ya moto imetundikwa picha yake mwenyewe, kubwa. LeFou, yule mfupi anayemfuata kila mahali na kupigwa kila anapokosea, anaanza kumwimbia ili ampandishe moyo, na baa nzima inaingia. Muziki ni wa Alan Menken, maneno ya Howard Ashman. Inasifiwa shingo yake, ngumi zake, ufundi wake wa kutema mate, nywele za kifuani, pembe za wanyama anazopambia nyumba. Ashman aliandika kichekesho: mtu anasifiwa kwa vitu ambavyo havina faida kwa yeyote, na anapokea kila sifa kwa uso mkavu.

Sasa ukae upande wa mtoto wa Lubumbashi. Tangu akiwa mgongoni mwa mama yake anasikia nyimbo ambazo katikati yake mwimbaji anaita jina la mkubwa fulani, mwenye maduka, mwenye magari, aliyetoa kitu ili aitwe. Ni mabanga. Kutupiwa libanga ni heshima, watu wanaligharamia, na mwenye jina akilisikia kwenye sherehe anainuka kucheza. Baa inapoanza kuita «Gaston! Gaston!», mtoto huyu haoni mjinga anayejidanganya. Anaona mkubwa anayeimbiwa.

Mfasiri wetu alisikia hivyo hivyo, na damu ikamchemka. Kwenye maneno ya Ashman, Gaston anasema alipokuwa mdogo alikula dazeni nne za mayai kila asubuhi, na sasa amekua anakula dazeni tano. Dazeni hazina kazi Katuba. Mfasiri akapanda sauti: «Wakati alikuwa kadogo alikulaka plato moja na nusu! Leo anakulaka plato mbili! Kila asubuhi! Mayayi ya Zambia!» Plato ni mayai 30, kwa hiyo dazeni tano zilifika salama na kwenye dazeni nne yalipotea mayai matatu njiani. Hakuna aliyejali. Katika nyumba nyingi za hapo yai hununuliwa moja moja, limechemshwa, na pilipili kwenye kikaratasi. Mayai 60 kabla ya saa mbili ni utajiri ambao mtoto anaweza kuupima kwa mdomo wake mwenyewe. Mvulana mmoja wa nyuma akapiga kelele: «Ule papa eko na feza!» Baada ya hapo mfasiri akaiacha filamu iende peke yake na kuanza kutupa mabanga ya kwake: kwa padri, kwa mama wa maandazi, kwa kipa wa timu ya parokia aliyekuwa amesimama mlangoni. Kila jina likapigiwa makofi. Kisha akarudi kwa Gaston, naye akapigiwa makofi yale yale.

Wapo waliomlaumu kijana huyu. Mimi simo. Wimbo ule umetengenezwa ili ukuchukue. Hata anayemchukia Gaston hutoka akiuimba. Mfasiri aliufikisha ulivyo, na kwa kuufikisha akatuonyesha kitu ambacho sisi tuliokuwa na maongezi yetu ya majivuno hatukukiona: kujisifu na kusifiwa kwetu ni fani, wala si dhambi. Majigambo yana wenyewe na yana kanuni zake. Pale ukumbini wamo watoto wa Kiluba ambao bibi zao, kukiwa na ndoa au msiba, wanaweza kusimama na kumwita mtu kwa kasala, ushairi wa kumsifu mtu, mpaka machozi yamtoke. Kumwambia mtoto kama huyo kwamba Gaston ni mbaya kwa sababu anasifiwa ni kumwambia kwamba bibi yake anakosea.

Kasala, hata hivyo, ndiyo iliyotupa ufunguo, na aliyeleta ufunguo ni yule yule mama aliyewadai wale dada wawili wa Belle. Kasala humwita mtu kwa kupitia watu: wewe mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, uliyebebwa na mama wa ukoo fulani, wewe ambaye waliotangulia walifanya hili na lile. Anayesifiwa anatoka pale amebeba deni. Ametajiwa watu ambao asiwaaibishe. Rudia sasa wimbo wa baa uhesabu ni watu wangapi wametajwa humo kama wazazi wake, kama ndugu zake, kama waliosaidiwa naye. Hakuna hata mmoja. Kuna shingo, mayai, nywele, pembe. Gaston hana baba wala mama wala mjomba katika filamu nzima. Sifa zake zinatoka kwenye mwili wake na kurudi kwenye mwili wake.

Ukishaliona hilo, ile posa aliyoisifia msichana wa darasa la sita inabadilika rangi. Ni kweli Gaston alikuja mlangoni. Alikuja na nani? Nje ya nyumba ya Belle wamesimama wapiga muziki, keki, kasisi, wageni, na LeFou akiwa kiongozi wa bendi. Arusi imeshapangwa, kilichobaki ni bibi arusi kuambiwa. Anaingia, anaweka buti zenye tope juu ya kitabu cha Belle, na kumchorea maisha yao: nyumba ya mwindaji, nyama juu ya moto, mke mdogo akimkanda miguu, watoto sita au saba, wa kiume wote, wakigaragara na mbwa. Kisha Belle anafungua mlango na jamaa anaangukia topeni. Hapo watoto wetu walicheka sana, lakini walicheka kama unavyomcheka rafiki aliyeteleza.

Mama wa parokia aliwauliza, katika hizo ndoa mnazoziona hapa mtaani, kijana huja na bendi kwanza? Wakasema hapana. Wanatangulia wazee, baba mkubwa, shangazi, kuna bahasha, kuna kujuana, kuna orodha ya doti, yaani mahari, inayobishaniwa mpaka usiku, na msichana anaitwa aulizwe mbele ya watu kama anawajua hawa waliokuja. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inadai doti, na inadai pia kila mmoja wa wanaooana atoe ridhaa yake binafsi. Kwa kipimo cha mila na kwa kipimo cha sheria, Gaston aliruka hatua zote. Wazee hakuwa nao. Waliomsindikiza ni wale wale wanaomwimbia. Msichana wa darasa la sita alifikiri kidogo, akasema: «Basi hakuna mutu wa kumuambia hapana.» Kuhusu Gaston sijasikia sentensi iliyonyooka kuliko hiyo.

Ni wapi hasa watoto walimwacha? Tulipowauliza, wengi walitaja mwisho. Juu ya paa, Gaston ameshikwa na Mnyama, anaomba asiuawe, anaachiliwa, kisha anamchoma kisu kwa nyuma na kuanguka. Hilo halihitaji uchambuzi. Mpango wa katikati, wa kumhonga Monsieur D'Arque, msimamizi wa nyumba ya wendawazimu, kwa mfuko wa dhahabu ili baba wa Belle afungwe humo mpaka binti akubali kuolewa, uliwapita karibu wote. Mfasiri aliukimbiza, na ni mpango wa watu wazima.

Mvulana mmoja mdogo, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea, alikuwa amemwacha mapema kuliko wenzake. Alisema ni pale baa. Wimbo unapokwisha tu, Maurice, baba wa Belle, anaingia mbio kutoka kwenye theluji, anatetemeka, anasema mtoto wake amefungwa na Mnyama, anaomba msaada. Wanamzunguka, wanamwigiza, wanacheka, wanambeba juujuu na kumtupa nje. «Ile papa anatafuta mutoto yake, banamutupa inje mu baridi,» alisema mvulana. Hakumtaja Gaston. Alisema wale watu, wote. Tuliirudia picha, na alikuwa sahihi: waliomtupa mzee ni wale ambao sekunde chache nyuma walikuwa wakiimba, na midomo yao bado ina kicheko cha wimbo. Tena ni kwa kumtupa mzee huyo ndipo Gaston anapata wazo la D'Arque. Sisi tulioitazama filamu hii tangu ujana wetu tulikuwa tumeweka mpaka kati ya wimbo na ubaya. Mtoto huyu hakuwekewa mpaka, akaona jambo moja tu linaloendelea.

Na linaendelea mbali. Belle anapowaonyesha watu Mnyama kwenye kioo cha kichawi na Gaston kutambua kwamba Belle anampenda huyo Mnyama, hamgombezi Belle kwa muda mrefu. Anawageukia watu. Anawaambia Mnyama atakuja usiku kuchukua watoto wao. Mienge inawashwa, na kikundi kilichosifu mayai kinaimba wimbo mwingine, wa kwenda kuua. Ashman aliyaandika maneno ya filamu hii akiwa mgonjwa wa UKIMWI, akafariki Machi 1991, miezi kadhaa kabla haijatoka. Anayejua hivyo anausikia wimbo wa mienge kwa sikio lingine, kwa sababu waimbaji wanakiri wazi kwamba wasichokielewa kinawaogopesha. Katuba haikuhitaji kuambiwa. Maneno «atakuja kuchukua watoto usiku» watoto wale wameyasikia yakisemwa juu ya bibi kizee wa nyumba ya tatu, na juu ya watoto wenzao walioitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani. Mfasiri alipoyasema ukumbi uliacha kumshangilia mtu yeyote.

Jumamosi iliyofuata tuliacha maongezi yetu ya majivuno na kuwapa watoto baa wenyewe. Lubumbashi ina desturi ya kucheza tamthilia kwa Kiswahili chake. Kundi la Mufwankolo limewachekesha wazazi wa hawa watoto, na wakubwa wenye matumbo ya kujidai ni sehemu ya vichekesho hivyo tangu zamani. Kwa hiyo hawakuhitaji kufundishwa jinsi ya kumwigiza Gaston. Kila mtu alitaka kuwa Gaston. Tuliweka sharti moja tu: anayemsifu lazima ataje na mtu aliyefaidika. Unasema ana nguvu? Alimbebea nani mzigo? Unasema ni mwindaji? Nani alikula?

Sifa ya kwanza ilipita kwa uongo: alimbebea mama yake maji. Wakapinga, mama yake hatujamwona. Sifa ya pili ilikuwa uwindaji, na hapo wakasimama. Walikumbuka bata aliyepigwa risasi mwanzoni mwa filamu, ambaye LeFou anashindwa kumdaka kwenye gunia. Walikumbuka ngozi, walikumbuka pembe ukutani. Mmoja akauliza: «Pembe anabakisha. Nyama inaenda wapi?» Wakatafuta mtu mmoja aliyegawiwa nyama na Gaston, wakakosa. Aliyekuwa LeFou alijaribu kuimba bila kutaja mtu, wenzake wakamzima. Wimbo ukafa kabla ya mayai.

Sidhani zoezi hili linafaa kila mahali. Lilifaa kwa sababu watoto walikuja na kipimo chao, cha sifa inayodai kitu, na sisi tukawarudishia tu. Wala halikumbadilisha kabisa msichana wa darasa la sita. Bado anasema Gaston si mbaya kupita wote. Wabaya kupita wote, kwake, ni walioimba, kwa sababu Gaston ameanguka na kufa na wao wamerudi nyumbani kula. Kwa katuni ya 1991 hana wa kumjibu: wanakijiji wanafukuzwa kasri na vijiko na makabati, na baada ya hapo hakuna anayewauliza chochote. Filamu ya waigizaji hai ya 2017 ilijaribu, LeFou akageuka katikati ya vita baada ya Gaston kumtelekeza. Nilimsimulia. Akauliza kama aligeuka kabla ya kuumizwa au baada. Baada, nikamwambia. Akaguna.

Kuhusu onyesho lijalo tumebishana na mfasiri. Nilimwomba kwenye wimbo wa baa apunguze: aache mabanga, afasiri tu. Akakataa, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: «Hapana, yaya. Mu baa nitatupa mabanga mingi kupita ile siku.» Anachotaka kubadilisha ni wimbo wa mienge. Mara ya kwanza aliufasiri kwa sauti nzito, ya kutisha, na watoto wakajua mara moja kwamba hawa sasa ni watu wabaya, watu wengine. Safari hii ataushika kwa sauti ile ile ya furaha ya baa, na kwa majina yale yale: padri, kipa, mama wa maandazi, kila mmoja akiitwa aje ashike moto. Padri ameshaambiwa na amekubali. Mama wa maandazi bado.